Maji Yaliyo Chini ya Miguu Yetu, na Jinsi Yanavyopimwa

Kila siku ya Jumamosi, alfajiri kabla kengele ya kwanza haijalia, wanafunzi wawili huonekana wameinama juu ya bomba la kisima cha zamani kilicho nyuma ya bweni la pili. Mmoja ameshika utepe wa kupimia, mwingine ana daftari na taa. Mtu akipita huambiwa, "Kimya!" naye hushangaa. Wenzetu wengine wamekwisha tunga hadithi kwamba tunazungumza na jini la kisimani. La, hatuzungumzi na jini. Twasikiliza sauti ndogo sana, "chubwi!", ambayo hutokea wakati kipande cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya utepe kinapogusa maji. Kipande hicho kimezibwa juu na kuachwa wazi chini, kama kengele isiyo na ulimi, na ndiyo maana hulia. Sauti hiyo ikisikika, husoma namba iliyo kwenye utepe mahali unapokutana na mdomo wa bomba, tukaiandika. Kazi yote haizidi dakika kumi.

Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu sababu ya kazi hii, na hasa wazazi wetu, kwa kuwa katika mkutano ujao wataombwa kutoa fedha kwa ajili ya maji ya shule. Mwezi wa Septemba, kama tujuavyo sote tuliobeba ndoo, pampu ya kisima kipya ilianza kutapika hewa na tope baada ya nusu saa tu. Fundi aliyeletwa kuitazama alisema maneno mafupi: "Maji yamekwisha." Tangu siku hiyo neno hilo limekuwa likienda kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka jikoni na sokoni. Mimi nami niliamini. Sasa siamini, na nitaeleza kwa nini, lakini yanipasa nianze mbali kidogo.

Watu wengi wadhani kwamba chini ya ardhi kuna ziwa, au mto upitao gizani, na kwamba mchimba kisima mwenye bahati ndiye aupatao. Katika nchi yetu hii ya Dodoma si hivyo. Chini yetu kuna jiwe gumu la itale, lile lile tulionalo limejitokeza vilimani. Kwa muda mrefu mno usioweza kufikirika, jua, mvua na hewa vimelila jiwe hilo kutoka juu, likavunjika kuwa changarawe na udongo. Na chini zaidi lina nyufa, baadhi yake kubwa, zilizotokea nchi ilipopasuka katika kufanyika kwa Bonde la Ufa. Maji hukaa katika nafasi ndogo kati ya chembe na chembe, na ndani ya nyufa hizo. Anayetaka kuelewa na aende korongoni wakati wa kiangazi, awatazame akina mama wakifukua mchanga mkavu. Wakifika kina fulani mchanga huwa na unyevu, wakizidi kidogo maji hujikusanya yenyewe shimoni. Pale palipo usawa wa maji hayo ndipo tunapopapima sisi, ila letu ni shimo jembamba na refu.

Usawa huo hautulii. Hupanda na kushuka mfano wa mtu anayepumua, ila pumzi moja huchukua mwaka mzima, na nyingine huchukua miaka mingi. Nao hauishii kwenye ua wa shule. Makorongo ya hapa kwetu humwaga katika Mto Kinyasungwe, Kinyasungwe huingia Mkondoa upitao Kilosa, na Mkondoa huingia Mto Wami unaokwenda baharini. Kwa hiyo sisi tulio katika nchi kavu tu watu wa bonde moja na wavuvi wa pwani ya Saadani. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na bonde letu ni la Wami na Ruvu, lenye bodi yake ambayo, pamoja na kazi nyingine, hupima mito na maji ya ardhini na kutoa vibali vya kuyatumia.

Kupima kwenyewe ni kazi rahisi inayoharibika kwa urahisi. Nitasimulia aibu yetu. Juma moja katika mwezi wa Novemba tulikuta maji yamepanda sentimita 45, na mvua haijanyesha hata tone. Tulifurahi mno. Kiongozi wa chama chetu cha Jiografia alitangaza habari hiyo mbele ya shule nzima, na makofi yakapigwa. Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yameshuka tena sentimita zile zile 45 na zaidi kidogo. Mwalimu wetu hakusema neno. Alichukua rula akaenda kupima bomba la kisima linavyotokeza juu ya ardhi. Lilikuwa sentimita 45. Aliyepima juma lile la furaha alikuwa mgeni wa kazi, akasoma utepe kwenye usawa wa ardhi badala ya mdomo wa bomba. Maji hayakupanda wala kushuka. Sisi ndio tuliopanda na kushuka. Tangu hapo mdomo wa bomba una alama ya rangi nyekundu, nasi husoma pale pale, nukta ile ile, hata kama anayesoma ni Mwalimu Mkuu mwenyewe.

Jambo la pili ni saa. Pampu inapovuta, maji ya karibu yake hushuka na kufanya shimo kama faneli, jembamba chini na pana juu, na pembe za faneli hiyo zaweza kufika mbali. Anayepima kisima wakati pampu ya jirani inanguruma, kipimo chake huonyesha kazi ya pampu, si hali ya nchi. Ndiyo maana twaamka alfajiri, baada ya pampu kulala usiku kucha. Na ndiyo maana wataalamu hawapendi kutegemea visima vinavyotumika, bali huchagua au huchimba visima vya kupimia tu, visivyovutwa kamwe. Kisima chetu cha zamani, ambacho pampu yake ilikufa kabla sisi hatujaingia Kidato cha Kwanza, kilionekana ni taka. Kumbe kwa kazi hii ni mali.

Sasa nitoke shuleni niende Makutupora. Mahali hapo, umbali wa kilomita ishirini na kitu kaskazini ya mji wa Dodoma, ndipo palipo visima vinavyojulikana kwa jina la Mzakwe, na kwa miaka mingi mji wetu umeyanywa maji hayo kuliko mengine yoyote. Si ajabu watu wa mji kujua jina la Makutupora kwa ajili ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa na mizabibu yake. Lakini wataalamu wa maji wa nchi za mbali wanalijua kwa sababu nyingine kabisa: pale maji ya ardhini yamepimwa, na vipimo vikatunzwa, tangu miaka ya 1950. Katika Afrika ya kusini ya Sahara kumbukumbu ndefu namna hiyo ni nadra sana. Fikiri ni watu wangapi waliotembea na utepe wao kwenda kwenye mabomba yale, katika jua lile, tangu enzi ya ukoloni, wakapita wakati wa Uhuru, wakapita mwaka 1973 ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu, wengi wao bila kujua kama kuna mtu atakayeyasoma waliyoandika.

Yalisomwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Tanzania na Uingereza, miongoni mwao Lister Kongola na Richard Taylor, walichapa uchunguzi wao juu ya vipimo vya miaka 55, tangu 1955 hadi 2010. Waliweka mvua upande mmoja na usawa wa maji upande wa pili. Matumaini ya mtu wa kawaida ni kwamba kila mwaka mvua hunyesha, maji hupanda kidogo, na kiangazi hushuka kidogo. Walichokikuta ni kingine. Miaka mingi ilipita ambayo mvua ilinyesha, mahindi na mtama vikaota, na chini ya ardhi pasiingie kitu cha maana. Maji yaliendelea kushuka mwaka baada ya mwaka. Kisha ulikuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na maji yakaruka juu. Katika misimu 55, saba tu iliyo na mvua nyingi kupita yote ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya maji yote yaliyoingia ardhini. Na msimu wa 1997/98, ule wa mvua za El Nino ambazo wazazi wetu hawajazisahau kwa jinsi zilivyobomoa madaraja na reli, peke yake ulileta karibu sehemu moja ya tano.

Niliposoma hayo nilikwenda kumwuliza mlinzi wetu wa usiku, ambaye ni mzee wa hapa hapa na mwenye kumbukumbu nzuri. "Shikamoo babu," nikasema, "mwaka ule wa El Nino korongo hili lilikuwaje?" Akacheka. "Marahaba mjukuu wangu. Lilikuwa mto. Si wa siku moja, wa majuma. Mbuzi wangu wanne wamekwenda nalo. Na baadaye visima vilikuwa karibu, hata mtoto aliteka kwa kamba fupi." Mzee hakusoma uchunguzi wowote, lakini kamba yake fupi ni kipimo.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mvua ya kawaida haiingii? Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 550 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Jua letu lingeweza kukausha zaidi ya mara tatu ya hayo kama yangekuwapo. Kwa hiyo tone la mvua likianguka lina wadai wengi: kwanza jua, kisha udongo uliokauka miezi saba, kisha mizizi ya majani, mazao na migunga. Kila mdai hutaka ashibe kabla ya kuliacha lipite. Ni mvua inayonyesha kwa nguvu na kurudia kabla wadai hawajapata njaa tena ndiyo inayosaza kitu cha kwenda chini. Tena haiingii kila mahali sawasawa. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hujifunga kama sakafu, maji yakasimama juu yake. Njia nzuri ni changarawe za chini ya vilima na mchanga wa makorongo, ambako mafuriko yanapopita hunywewa kama maji katika kifuu kilichotoboka. Ndiyo kusema mafuriko tunayoyalaani ndiyo yale yale tunayoyanywa miaka kumi baadaye. Sisemi tuyapende, nimeona nyumba iliyoanguka. Nasema tu yanavyofanya kazi.

Liko jambo jingine ambalo mimi binafsi lilinichukua muda kulielewa, nalo ni hesabu ya mita moja. Maji yakipanda kisimani mita moja, si kwamba imeingia mita moja ya maji. Sehemu kubwa ya ardhi ni jiwe. Nafasi ni ndogo. Tuseme katika kila sehemu 100 za mwamba uliolika, 6 tu ndizo ziwezazo kupokea maji na kuyaachia. Basi kupanda mita moja ni sentimita 6 tu za maji halisi. Na kinyume chake: ukivuta sentimita 6 za maji katika eneo la kilomita moja ya mraba, yaani mita za ujazo 60,000, usawa utashuka mita nzima. Mwanafunzi aliyezoea kufikiri juu ya tangi, ambalo ukichota lita moja inapungua lita moja, hufadhaika. Ardhi ni tangi lililojazwa mawe.

Na wachotaji wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Serikali ilihamia kwa wingi kuanzia 2016, na 2018 Dodoma ikawa jiji. Vipimo vya Makutupora vyaonyesha kwamba jinsi pampu zilivyoongezwa, ndivyo maji yalivyoshuka haraka zaidi katika miaka ya kungoja mvua kubwa. Nani ajuaye mvua kubwa ijayo itakuja baada ya miaka mingapi? Wapimaji hawatabiri hilo. Wawezalo ni kusema tumebakiwa na kina gani cha kungojea, na hilo peke yake lamtosha mwenye mji kupanga mambo yake.

Siku hizi si kila mpimaji huenda na utepe. Zipo tepe zenye waya ndani yake ambazo ncha ikigusa maji hulia na kuwasha taa; nasi tunazitamani, kwa kuwa tungeacha kuwaambia watu "Kimya". Kipo pia chombo kidogo kinachotundikwa ndani ya maji na kuachwa humo miezi. Hicho hupima uzito wa maji yaliyo juu yake, kwa hiyo chatambua maji yakizidi au yakipungua, na huandika chenyewe kila saa. Kwa kuwa hewa nayo ina uzito unaobadilika, hapana budi chombo cha pili kiwekwe nje kupima hewa, ili ipunguzwe katika hesabu. Kati ya 2002 na 2017 palikuwa na setilaiti mbili zilizofuatana angani, moja nyuma ya nyingine kwa kilomita 220 hivi, zikipima mvuto wa dunia. Mahali penye maji mengi ardhini mvuto huzidi kidogo, na umbali kati yao hubadilika kwa kiasi kidogo mno. Nyingine mbili zilirushwa 2018 kushika kazi hiyo. Ni ajabu kubwa, lakini huona nchi nzima nzima tu. Kisima cha shule hazikioni. Na hata chombo cha kujiandikia hukosea kikiachwa bila mtu wa kuja mara kwa mara na utepe kukihakikisha.

Narudi sasa kwenye neno la fundi. Tulipata ruhusa ya Mwalimu Mkuu kupima visima vyote viwili kwa siku moja, cha zamani na kipya, kuanzia alfajiri hadi jioni. Kati yake ni hatua 60 tu. Alfajiri, pampu ikiwa imelala, usawa ulikuwa karibu sawa katika vyote viwili. Pampu ilipowashwa, maji ya kisima kipya yalizama mita nyingi katika nusu saa, mpaka pampu ikaanza kutapika hewa kama kawaida yake. Lakini katika kisima cha zamani, hatua 60 tu kutoka pale, maji hayakushuka hata upana wa kiganja. Tulizima pampu. Jioni maji ya kisima kipya yalikuwa yamerudi juu, yakibakiza kidogo tu.

Kama maji yangekuwa yamekwisha, yangekuwa yamekwisha katika visima vyote viwili, wala yasingerudi. Yapo. Shida ni kwamba hayaingii kisimani kwa haraka pampu inavyoyataka. Sababu ni moja katika mawili: ama matundu ya bomba la kisima kipya yamezibwa na udongo laini na kutu, ama mwamba wenyewe mahali hapo hupitisha maji polepole. La kwanza hutibiwa kwa kukisafisha kisima, kazi ambayo gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kuchimba. La pili hutibiwa kwa kuvuta kidogo kidogo kwa muda mrefu, tangi likajaa usiku. Hilo tumekwisha lijaribu: koki imefungwa nusu, na tangi linajaa kabla ya chai ya asubuhi, siku nyingi ingawa si zote.

Sipendi kusema zaidi ya nijuavyo. Daftari letu lina umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na wale wa Makutupora walihitaji miaka 55 kuona walichokiona. Katika mwaka huu wetu maji yameshuka polepole tangu Mei hadi Januari, yakapanda kidogo mwishoni mwa Machi, wala hayakurudi pale yalipokuwa mwanzo. Huenda ni mwaka wa kungoja tu. Huenda ni mwanzo wa kushuka kwa kweli, na siku moja kisima kirefu zaidi kikahitajika. Ninachowaomba wazazi wetu kwa heshima ni kwamba, kabla ya kutoa fedha za kuchimba, waulize kwanza kama kisima kilichopo kimesafishwa, na walitazame daftari. Liko katika chumba cha Jiografia, kabati la kushoto, na grafu imebandikwa ukutani juu yake.

Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka. Utepe tumewakabidhi wawili wa Kidato cha Pili, ambao mmoja wao ni yule aliyetuletea sentimita 45, na sasa hapana apimaye kwa uangalifu kuliko yeye. Likizo ilitutia wasiwasi, kwa maana majuma manne bila kipimo ni pengo baya wakati mvua zinapoanza. Mlinzi wetu amekubali kupima Jumamosi hizo nne. Tumemfundisha jana. Alisikia "chubwi" mara ya kwanza kabla yetu sisi wote.